Sauti Juu ya Wavu

Wasomaji wangu, mna hasira! Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Dada mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliniuliza kama kweli nina roho ya kibinadamu, kumwacha binti wa watu majini tangu Jumamosi iliyopita, miwani usoni, mrija mdomoni, akisikiliza maneno ya kumvunjia ndoa.

Haya, tumtoe majini. Lakini mkumbuke mliniomba wenyewe.

Kwa aliyechelewa kununua gazeti: Shamimu, mshona nguo wa Chemchem pale Tabora, anaolewa Ijumaa na Sadiki, kijana wa mtaa huohuo aliyehamia Kigoma kuuza vitenge. Amepanda treni na mama yake, Bi Tatu, na baba yake mdogo, Mzee Lukumani, waje waione nyumba atakayoishi. Sadiki naye, kwa kutaka sifa ukweni, akawaandalia safari ya kutwa kwenye katamarani ya watalii, ile boti ya matumbo mawili yaliyoungwa kwa jukwaa juu. Waone samaki wa rangi katika Ziwa Tanganyika, wale chakula kisiwani, warudi jioni.

Sasa boti hiyo, sehemu ya mbele, kati ya tumbo moja na jingine, haina mbao. Ina wavu. Watu hujilaza juu ya wavu na maji yanapita chini yao. Shamimu alikuwa ameelea mpaka hapo, chini ya wavu, akifuata kundi la samaki wenye milia, ndipo aliposikia sauti ya mchumba wake ikitokea juu.

"Shamimu asijue. Mpaka ndoa ifungwe."

Na mwanamke akajibu, "Nitanyamazaje, Sadiki? Wewe ni wangu tangu zamani."

Moyo ulimpiga paa. Akavuta pumzi vibaya, mrija ukamletea maji badala ya hewa. Mtu wa Tabora amezoea maji ya ndoo, na haya ya ziwa yalimpalia mpaka puani. Alikishika chuma cha boti akajizuia kukohoa, machozi yakijaa ndani ya miwani.

Aliinua uso. Kwenye matundu ya wavu aliona kanga nyekundu yenye maua meusi. Aliona mkono wa mwanamke umeshika kifundo cha mkono wa Sadiki, umekishika kwa kujiamini kabisa, kama mtu anayeshika chake.

"Ijumaa ikipita," Sadiki alisema, "nitakusimamisha mbele ya watu wote, useme mwenyewe. Niahidi."

"Haya, nimekuahidi. Lakini roho yangu haitulii."

Wavu ukayumba. Kanga ikaondoka.

Shamimu alizunguka hadi kwenye ngazi ya nyuma. Nahodha Ezekia, Muha mmoja mcheshi mwenye kofia ya majani, alimpa mkono akamvuta juu.

"Umewaona samaki, dada?"

"Nimemwona mmoja. Mkubwa."

Sadiki alikuja mbio na taulo, tabasamu limejaa uso. "Pole, Shamimu! Nimekutafuta upande wa kulia sikukuona. Ulikuwa wapi?"

"Chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya maji. Kwani wenzangu wanaogelea wapi?"

Sadiki akacheka. Kicheko kilikuwa cha meno tu, macho hayakushiriki, na Shamimu aliyasoma macho hayo yote mawili huku akijifuta nywele chini ya mtandio. Alimpenda huyu mwanamume. Tuseme ukweli, alimpenda mpaka akawa anashona nguo za watu akiimba. Ndiyo maana maneno ya kwenye wavu yalimchoma hivyo.

Alitazama boti nzima. Mgeni hakuwepo. Mzee Lukumani alikuwa amekumbatia mlingoti, jaketi okozi juu ya kanzu, tasbihi mkononi, akimwomba Mungu amrudishe salama kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Bi Tatu alikuwa nyuma kabisa, amejifunika kanga uso mzima, yakabaki macho. Alikuwa hivyo tangu walipopanda asubuhi. Aliposailiwa alisema ni upepo. Na upepo wenyewe, jamani, haukuwepo.

"Nahodha," Shamimu alinong'ona, "kuna mwanamke mwingine humu?"

"Mpishi tu. Jiko liko ndani ya tumbo la kushoto. Shuka vile vingazi."

Msichana wa Chemchem akijiandaa kugombana hajiandai nusu. Shamimu alivua hereni akazitia mfukoni. Alikaza mtandio. Maneno aliyapanga yakapangika, makali kwanza, makali zaidi baadaye. Akashuka, akausukuma mlango mdogo.

Alikuta mwanamke mwenye mvi.

Kanga ilikuwa ileile, nyekundu yenye maua meusi. Lakini mwenye kanga alikuwa mama wa makamo, rozari shingoni, anageuza migebuka kwenye kikaango huku akiimba kwa sauti ya chini. Umri wake ulitosha kumzaa Sadiki na mdogo wake.

Makubwa haya! Shamimu alishikwa na butwaa. Yale maneno yote aliyoyapanga yakamtoroka, likabaki lile alilofunzwa tangu utotoni, maana mkubwa ni mkubwa hata kama amekuibia mume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Mama yule alijifuta mikono haraka, akamshika Shamimu mashavu yote mawili, akamwangalia mpaka machozi yakamlengalenga. "Jamani, ndiyo wewe? Hufanani hata kidogo! Ulikuwa kitoto cheupe, chembamba! Leo mwari mzima!"

"Tunajuana, mama?"

"Hee! Anauliza kama tunajuana! Mimi na wewe—"

"Mama Octavian!" Sadiki alikuwa juu ya vingazi, jasho linamtoka. "Mama Octavian, samaki wanaungua!"

Samaki hawakuwa wanaungua. Shamimu aliwaona kwa macho yake, ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kupata rangi.

*

Kisiwa cha Kabesi ni kidogo. Mtu akiweka wali jikoni anaweza kukizunguka chote akarudi kabla haujaiva. Kina mchanga mweupe, mawe makubwa, na maji maangavu kiasi kwamba kivuli cha boti kilionekana chini kabisa, kimelala juu ya kokoto. Watalii huja kulala juani. Shamimu hakuja kulala.

"Nakwenda kumsaidia mama wa watu kupakua," alisema.

"Hapana!" Sadiki alimkinga njia. "Wewe ni mgeni. Twende upande ule, kuna samaki wa buluu, utapenda."

"Nimeshiba samaki."

"Basi kaa, nikuletee maji ya kunywa."

"Sadiki, mbona leo umekuwa kivuli changu?"

"Mchumba wangu nisimwangalie?"

"Niangalie. Ila acha kunichunga."

Akamwacha amesimama, akaenda kwa mama yake. Bi Tatu alikuwa amekaa nyuma ya jiwe, ameupa mgongo moto wa mpishi.

"Mama, unamjua yule mpishi?"

"Mpishi yupi?"

"Yupo mmoja tu."

"Simjui."

"Hujamwangalia."

"Nisiyemjua nimwangalie ya nini?" Kisha Bi Tatu akamshika mkono kwa nguvu. Vidole vilikuwa vya baridi. "Kwani amekwambia neno?"

"Neno gani?"

"Lolote."

"Hajaniambia. Kuna la kuniambia?"

Bi Tatu aliachia mkono. Alisema kichwa kinamuuma, na kwamba mizimu ya maji haipendi wageni, na kwamba wangerudi mjini mapema ingekuwa heri. Yote hayo aliyasema akitazama mchanga. Hapo ndipo Shamimu alipotishika kweli. Mchumba akikuficha jambo, una mama wa kumkimbilia. Mama naye akikuficha, unamkimbilia nani? Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na leo nguo zote zilikuwa na wadudu.

Mkeka ulitandikwa. Wali ukaja, migebuka ikaja, na pilipili ya Kigoma ile isiyo na huruma. Mzee Lukumani, aliyekwisha kutapika chote alichokula tangu Tabora, alifufuka ghafla akakaa mbele ya sinia.

Lakini huwezi kula kwa mkono bila kunawa. Na mpishi mwenye adabu huwanawisha wageni wake mwenyewe, mmoja mmoja, jagi mkono huu, beseni mkono huu. Hapo, wasomaji, Bi Tatu hakuwa na pa kukimbilia. Unaweza kumficha mtu uso, lakini mikono lazima uitoe.

Mama Octavian alianza na mzee. Akaja kwa Sadiki, akaja kwa Shamimu, akamchekea. Mwisho akapiga magoti mbele ya Bi Tatu.

"Mwadila, mayu," alimsalimia kwa Kinyamwezi, kwa upole. "Mama Shamimu, tangu asubuhi hata salamu?"

"Umenifananisha, dada."

Maji yakakoma kumiminika.

"Nimekufananisha? Mimi? Bertila?" Mama Octavian alijipiga kifua. "Mimi niliyepanga chumba chako cha uani kule Chemchem? Tuliokuwa tunachota maji pamoja?"

"Mama, tulikubaliana!" Sadiki alidakia.

"Mlikubaliana nini?" Shamimu aliuliza. Hakupandisha sauti. "Kwamba nisijue mpaka ndoa ifungwe?"

Sadiki aligeuka, macho yamemtoka pima.

"Nilikuwa chini ya wavu, Sadiki. Nimesikia."

Bertila aliwatazama hawa vijana wawili, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alicheka! Alicheka kicheko kizima cha mama mwenye furaha, akaweka jagi chini.

"Kumbe umesikia! Basi siri imekwisha. Sadiki aliniambia ninyamaze ili tuwashtukize watu siku ya harusi. Lakini mimi siri zimenishinda tangu ujana, acha niseme. Huyu bwana harusi, mama yake Bi Hafsa alipolazwa hospitali, mimi ndiye niliyemnyonyesha. Octavian wangu titi hili, Sadiki titi hili, mpaka akaota meno. Na wewe bibi harusi, ulipozaliwa mama yako akapata homa ya uzazi, maziwa yakakauka. Nani alikubeba? Bertila! Nilikuwa na Suzana mchanga, nikawalea kama mapacha. Leo asubuhi namwona mama yako anapanda boti, kabla hajajifunika uso, namuuliza Sadiki huyu si Mama Shamimu? Ananiambia ndiye mama mkwe! Watoto wangu wawili wa maziwa wanaoana! Jamani, Mungu ni mwema!"

Akapiga vigelegele.

Alipiga peke yake. Sauti yake ilikwenda juu ya maji ikapotea, hakuna aliyeitikia, na alipomaliza alitazama nyuso zilizomzunguka akaona amekosea mahali, ila hakujua ni wapi.

Tonge lilikuwa limemdondoka Mzee Lukumani kwenye kanzu. Hakuliokota.

"Mama Octavian," alisema polepole. "Huyu Shamimu wa Chemchem. Ulimnyonyesha mara moja, kwa kumtuliza tu?"

"Mara moja! Mwezi mzima, mzee wangu, usiku na mchana. Maji ya kuoga nilimchemshia mimi."

"Sisi Waislamu," mzee alisema, "watoto walionyonya kwa mwanamke mmoja kiasi hicho ni ndugu. Kaka na dada. Hawaoani mpaka kiyama."

Bertila alijifunika mdomo kwa kanga. Yeye alikulia mashambani karibu na Kipalapala, kengele za mapadri ndizo zilizomwamsha tangu mtoto, na kwake maziwa yalikuwa maziwa. Alikuwa amewatolea watoto wa jirani kwa wema tu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wema ule ulikuwa unajenga undugu.

"Nimefanya nini mimi!" alilia. "Sadiki, ulijua?"

Sadiki alitazama chini.

"Alijua," Shamimu alijibu kwa niaba yake. Kitumbua kilikwisha kuingia mchanga. Machozi yalimtoka hadharani, mbele ya wakubwa, bila kujali. Alilia kwa sababu nyumba ile ya Kigoma alikwisha kupanga mahali pa kuweka cherehani. Alilia kwa sababu hata sasa, akimtazama, hakumwona kaka. Alimwona Sadiki.

"Nimejua leo asubuhi tu, wallahi," Sadiki alisema. "Nilichanganyikiwa."

"Basi hakuna ndoa," alisema Mzee Lukumani. "Limekwisha. Nyamazeni, tule kidogo, turudi."

Hapo Bi Tatu aliivuta kanga akaufungua uso wake.

"Ndoa ipo."

Wote wakageuka.

"Shemeji," mzee alisema kwa ukali, "nyamaza!"

"Nimenyamaza vya kutosha. Mtoto aliyenyonyeshwa na Bertila siye huyu."

Mawimbi madogo yalipiga mchanga.

"Mama," Shamimu alisema, "usiseme uongo kwa ajili ya harusi. Nitaishi bila harusi."

"Sisemi uongo. Uongo ndio nauacha leo." Bi Tatu alimgeukia mpishi. "Bertila, wewe na mumeo mlipohamia Kigoma, sisi nasi hatukukaa. Marehemu mume wangu alipangiwa kazi stesheni ya Igalula. Tukaenda na mtoto. Akashikwa na degedege. Hakuota hata jino moja. Tulimzika kulekule Igalula. Niliporudi Chemchem nilikuwa na mtoto mgongoni, na jina nililiacha lilelile, Shamimu. Majirani wakasema, huyu amekua! Nikawaambia ndiyo, amekua."

Shamimu alimtazama mama yake kama mtu anayetazama kiatu chake kwenye mguu wa mwingine. Anasema uongo, alijiambia. Anasema uongo ili niolewe. Mama yangu huyu angeapa kwamba jua ni mwezi ili mimi nipate ninachokitaka. Ndiyo, ni uongo.

Akamgeukia Mzee Lukumani.

"Baba mdogo?"

Mzee alikuwa akizungusha tasbihi haraka, midomo inacheza.

"Baba mdogo, nakuuliza."

"Mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea," alisema mwishowe. "Alikuwa mwepesi."

Bertila alitoa sauti. Haikuwa neno. Alikaa chini mchangani, miguu ameinyoosha mbele, jinsi wanawake wa kwao wanavyokaa msibani.

"Amekufa? Mbona hamkunitumia hata mtu? Kila mwaka namwombea misa. Namwombea maisha marefu. Miaka yote hii namwombea maisha marefu!"

Bi Tatu alijikokota juu ya mchanga mpaka kwake. Kifo kile hakuwahi kukilia mbele ya watu, angewezaje, wakati Chemchem nzima ilijua mtoto yu hai? Sasa alikilia. Alimshika Bertila shingoni, wakamlilia pamoja wale mama wawili, mmoja aliyemzaa na mmoja aliyempa maziwa, mtoto ambaye Sadiki na Shamimu hawakujua hata sura yake.

Na katikati ya kilio hicho, Sadiki akaruka.

"Alhamdulillahi!" Aliinua mikono juu. "Basi hakuna kizuizi! Shamimu, umesikia? Si ndugu! Hatukunyonya pamoja! Ijumaa ipo palepale!"

Alicheka kabisa. Mwanamume mzuri, mrefu, shati limelowa jasho, anacheka mbele ya watu wanaolia.

Shamimu alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Sadiki, nikuulize neno."

"Uliza hata kumi!"

"Tangu asubuhi hii, mpaka mama alipofungua mdomo, uliamini mimi ni nani wako?"

Kicheko kilipungua. "Hayo yamepita."

"Sema."

"Niliamini alivyosema Mama Bertila."

"Kwamba mimi ni dada yako."

"Dada wa maziwa tu, Shamimu..."

"Ungesema hivyo mbele ya shehe, 'wa maziwa tu'?"

Sadiki alipangusa jasho usoni.

"Na Ijumaa ungekuja?"

Angeweza kudanganya. Nadhani wanaume wengi tungedanganya hapo. Lakini Sadiki, pamoja na yote, alimpenda huyu binti, na penzi lilimsukuma kuusema ukweli wakati mbaya kuliko wote.

"Ningekuja," alisema. "Ningekuja nikuoe, dhambi nibebe mwenyewe."

"Ungebeba ya kwako. Yangu ningebebaje, na sijui kama ninayo? Ningekuzalia watoto, Sadiki. Ningeswali nikijiona mke wa halali. Ungeniangalia kila siku na ungenyamaza."

"Lakini haikuwa kweli! Si umesikia haikuwa kweli?"

"Wewe uliamini ni kweli."

Sadiki alimsogelea. Shamimu akarudi nyuma hatua moja, nyayo zikaingia majini. Kisha akamgeukia mzee.

"Na wewe, baba. Babangu amekufa, wewe ndiye walii wangu Ijumaa. Wewe ndiye wa kuniozesha kwa haki ya damu. Damu gani? Ungesimama mbele ya watu useme ninamwoza binti wa ndugu yangu?"

Mzee Lukumani alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Mtoto unamlea, unasahau," alisema. "Nilikwisha kusahau, Shamimu. Wallahi nilikwisha kusahau."

"Kumbe Ijumaa kila mtu angekuja na uongo wake," alisema Shamimu, "na mimi ningekuja na pilau."

Chakula kilibaki palepale kwenye sinia mpaka Ezekia alipokuja kukiondoa, akiwa hajui alichokikosa, akiuliza kama pilipili ilikuwa kali mno.

*

Walirudi jua lingali juu. Sadiki alikaa upande mmoja wa boti, Shamimu upande mwingine, na safari hii hakuna aliyevaa miwani kutazama samaki. Bertila alikuwa amejifungia jikoni. Mzee Lukumani hakutapika hata mara moja. Huzuni nayo ina dawa zake.

Bi Tatu alikuja kukaa karibu na binti yake. Alikaa karibu, lakini hakumgusa.

"Utanichukia?"

"Sijui, mama." Neno hilo, mama, lilimtoka kama kawaida, likawachoma wote wawili. "Aliyenizaa yu hai?"

"Yu hai."

"Yuko wapi?"

"Hajawahi kutoka Igalula. Ana shamba la tumbaku karibu na stesheni."

"Ni mwenda wazimu? Ni mgonjwa? Kwa nini alinitoa?"

"Si mwenda wazimu."

"Kwa nini, mama?"

Bi Tatu alitikisa kichwa. Hilo halikuwa lake kulisema, ndivyo alivyojibu, maana alikwisha kuapa kwa Mungu na msahafu kutolisema.

Shamimu alikitazama kilima cha Kigoma kikikaribia. Kule Tabora kulikuwa na jamvi la kukodi, wapishi wamekwisha kuambiwa, na shoga zake wanasubiri kumtia hina. Aliwaza uso wa kila mmoja. Aliwaza vitakavyosemwa Chemchem, maana Chemchem husema.

"Kesho tunapanda treni," alisema. "Ikifika Tabora ninyi mtashuka. Mimi sishuki. Naendelea nayo mpaka Igalula."

"Mwanangu, na Ijumaa?"

"Ijumaa itanikuta huko. Mtu hawezi kuolewa kabla hajajua anayeolewa ni nani."

Injini ilipunguzwa sauti, gati likaonekana, vijana wa ufukweni wakaanza kupiga miluzi ya kuomba kamba. Ndipo Bi Tatu aliposema, kwa sauti ndogo, akiwa ameangalia pembeni:

"Ukifika, usijitambulishe kwa jina la Shamimu. Hawatakuelewa. Shamimu wao wanajua yuko kaburini."

"Nijitambulishe kwa jina gani?"

"Nilipokupokea ulikwisha kupewa jina. Nililifuta mimi."

"Jina gani, mama?"

"Doto."

Shamimu alisimama. Boti iligonga gati, kila mtu akapepesuka, yeye hakushika popote. Huko Unyamwezini mtoto hapewi jina hilo kwa kupendeza tu, na hilo hata Mwarabu wa mjini Tabora analijua. Tumbo likileta wawili, Kulwa hutangulia na Doto hufuata. Doto wa peke yake hajawahi kuzaliwa.

Alimshika Bi Tatu mabega yote mawili, akamgeuza uso kwa uso.

"Mama," alisema, "Kulwa wangu yuko wapi?"